Dume la Korongoni

Lipěnka, 14 Machi 2022

Hedvika mwanangu,

Salamu zikufikie huko kwa Wajerumani. Mimi ni mzima kadiri anavyoweza kuwa mzima mwanamke wa miaka sitini na saba aliyesimama miaka arobaini kando ya mashine ya kuchumia: miguu ipo, mgongo upo, masikio yalishaondoka. Ndiyo maana nakuandikia. Simu kwangu ni kipande cha plastiki kinachotetemeka, na ujumbe mfupi siuwezi, kwa kuwa niliyo nayo moyoni si mafupi.

Standa amefanyiwa upasuaji wa goti, anaendesha trekta letu kwa mguu mmoja na matusi. Mbweha amekula kuku wawili, tena wale wanaotaga. Kaburi la baba yako nimelipalilia. Hizo ndizo habari.

Sasa tuje kwenye lile lililonifanya nikose usingizi wa mchana. Ijumaa nilikwenda baa, nikakuta gazeti la wakulima mezani pangu, limefunguliwa, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Picha yako na nywele fupi. Chini yake unasema hopi nyekundu ya kwetu, hii iliyoipa bia ya nchi nzima uchungu na harufu yake kabla babu wa babu yako hajazaliwa, haina zaidi ya miaka kumi na tano kwenye miteremko. Joto limezidi, mvua haiji kwa wakati, wakulima wajiandae kung'oa.

Mteremko wa nani, Hedvika? Katika kijiji hiki mwenye mihopi mteremkoni ni mimi peke yangu. Wengine wote wako bondeni karibu na mto, wanamwagilia kama wanaoga. Watu waliniangalia kama wanavyomwangalia mgonjwa ambaye majibu yake yameshatoka. Na kwenye meza ya pembeni alikuwa Kadlec, anakunywa bia yake polepole.

Kadlec unamjua. Mwaka 2016 wanunuzi walikuta mbegu kwenye hopi zangu, na mtoto wa hapa haambiwi mbegu zinatoka wapi. Mihopi yetu yote ni majike. Dume likichanua popote jirani, upepo unaleta chavua yake, maua yanashika mbegu, na wenye viwanda vya bia wanakurudishia magunia. Kwa hiyo kila Juni kila nyumba hupita kwenye vichaka vyake na majembe, ikang'oa madume kabla hayajachanua. Kadlec tunapakana, na mwaka ule hakupita vizuri. Nilisimama mbele ya wakulima wote nikamwita mfuga madume. Jina hilo analo mpaka leo, na hatujasemeshana tangu hapo. Sasa mtoto wa kaka yangu ndiye anampa raha ya kunicheka.

Shamba langu liko sawa. Waandikie hao wa gazeti hivyo.

Shangazi yako,
Drahomíra


2 Aprili 2022

Shangazi,

Barua yako nimeipata, na pole kwa kuku. Mimi mzima. Nimehamia chumba chenye baraza, nimepanda vitunguu saumu kwenye ndoo. Mkuu wangu hapa kwenye kituo cha utafiti bado ananiita "Mcheki wetu" kana kwamba alininunua mnadani, lakini kazi inakwenda.

Kuhusu gazeti, naomba nirekebishe jambo moja. Sikusema miaka kumi na tano. Nilisema kumi. Wao ndio walioona haya, wakaongeza mitano.

Unasema shamba liko sawa. Standa ananiambia kwamba Julai iliyopita ulipandisha maji mteremkoni kwa tangi la dawa, safari tisa kwa siku, wiki tatu, na safu za juu zilikauka hata hivyo. Hayo hukuniandikia. Uliniandikia habari za jamu ya plamu. Shangazi, mimi si adui wa shamba lako. Nililia ndani yake nikiwa mtoto, nilijifunza kutembea kati ya nguzo zake. Ndiyo maana nimeacha kila kitu nikaja kukaa kwa watu wanaokula soseji asubuhi, ili nitafute hopi ambayo itavumilia jua hili na bado inukie kama ya kwetu.

Na hiyo haitoki mbinguni. Ili upate aina mpya lazima upate mbegu, na ili upate mbegu lazima uwe na dume. Si dume lolote, bali lile ambalo limekaa kwenye ukame miaka mingi na kuushinda. Najua neno hilo linakuchefua. Lakini majike yako yote ni vipande vya mmea mmoja wa zamani, yana nguvu zilezile na udhaifu uleule, na yakifa yatakufa pamoja.

Nitakuja Juni. Kwa sasa nina ombi dogo. Lile korongo nyuma ya banda la kukaushia usihangaike nalo mwaka huu. Goti la Standa ni bovu na wewe mgongo unakusumbua. Niachie, nitalisafisha mwenyewe nikija.

Kula vizuri.
Hedvika


Lipěnka, 9 Mei 2022

Hedvika,

Tuko wazima. Wafanyakazi kutoka Slovakia wamefika, kumi na wawili, wawili kati yao wanajua kazi. Tumeanza kuzungusha machipukizi kwenye waya, matatu kila waya, kwa kufuata jua. Kuna kijana mmoja alizungusha safu nzima kinyume. Asubuhi yote yalikuwa yamejifungua yamelala chini kama walevi. Nilimwambia mhopi una akili kuliko wewe, unajua unakoelekea.

Mvua haijanyesha tangu Pasaka. Udongo unapasuka na bado ni Mei. Nakuambia mwenyewe ili Standa asipate kazi ya ushushushu.

Naam, nilipandisha maji. Nani asingepandisha? Mtu na mgonjwa wake hakai akaangalia.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nakwama mahali pamoja. Bi. Daktari Hedvika, ambaye alipokuwa na miaka kumi na minne alijificha darini ili asishike jembe, anataka kusafiri kilomita mia tatu kuja kusafisha korongo la miiba kwa hiari yake. Tangu lini? Baba yako naye, Mungu ampumzishe, kila mwaka, mpaka mwaka jana, alikuwa hivyohivyo. "Korongo niachie mimi, Drahomíra." Nikadhani ni upendo.

Siku ya kung'oa madume ni Jumamosi ya pili ya Juni, kama siku zote. Nyumba yetu haijawahi kukosa, na baada ya yale niliyomwambia Kadlec, siwezi kukosa hata nikiwa nimebebwa kwenye kiti. Korongoni nitaingia mwenyewe.

Drahomíra


30 Mei 2022

Shangazi,

Sina nafasi ya salamu ndefu, nisamehe. Usiingie korongoni. Nakuomba kama ambavyo sijawahi kukuomba. Nitafika tarehe 25 Juni, sitaki zawadi wala keki, nataka tu unisubiri. Sababu nitakueleza uso kwa uso, na ukishasikia unaweza kunipiga.

Hedvika


Lipěnka, 13 Juni 2022

Hedvika,

Sikusalimu.

Barua yako ya tarehe 30 ilifika Ijumaa. Kama ungetaka nisiingie korongoni, ungeandika kwamba kuna nyoka. Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa ndani, na jembe, na kisu cha kukatia kamba, na Standa amekaa juu ukingoni na goti lake.

Kwanza niliona kijani. Mwaka huu hakuna kijani mahali popote, nyasi za korongoni zimekauka mpaka zinalia ukizikanyaga, lakini juu ya ule mcheri uliokufa kulikuwa na kijani cha kupofusha macho. Mhopi mnene kama mkono wangu chini, umepanda mpaka kileleni na kumwagika upande wa pili. Dume. Vichala vya maua vimejaa, wiki mbili hivi vifunguke.

Nilimwambia Standa, huyu ameota tu, Mungu ameotesha. Nilitaka sana iwe hivyo. Kisha nikaona waya. Mtu alikuwa ameufungia mhopi kwenye mti, fundo la mizunguko miwili lililokunjwa kushoto, fundo la mtu asiye na kidole cha shahada. Hedvika, kidole hicho nilikifunga bandeji mimi, siku mashine ilipokikata. Kaka yangu Bohumil alikuwa analifuga dume lile. Na kwenye tawi la chini kulikuwa na mfuko wa karatasi wa kukingia chavua umening'inia, umefifia, una mwandiko ninaoujua kwa sababu niliufundisha mimi kwenye meza ya jikoni: "28 Juni 2021."

Mwaka jana tarehe 28 Juni hukuwa hapa. Uliniambia uko kwenye mkutano.

Niliketi chini. Standa aliniletea maji, nikayamwaga. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nimekuwa naikung'uta shuka ya jirani nione viroboto. Unaelewa nilichofanya? Nilimwita Kadlec mfuga madume mbele ya watu mia mbili. Kaka yangu alikuwa amekaa karibu yangu. Alitazama kofia yake. Watoto wa shule walimwimbia Kadlec barabarani. Na mkewe, Jarmila, niliyekua naye, niliyelala naye kitanda kimoja kwenye kambi za mavuno tukiwa wasichana, alikuja kunisihi nifute maneno. Nikamfungia mlango. Alipokufa mwaka 2018 sikwenda kumzika, kwa sababu ya heshima yangu. Heshima ipi? Mbegu zilikuwa zinatoka nyumbani kwangu.

Nililichimba. Nilianza saa mbili, nikamaliza saa tisa. Mzizi ulishuka, ukashuka, mita moja, mita mbili, nikaingia shimoni mpaka kichwa. Mwisho wake sikuuona. Nilipochoka nilikata pale nilipofika na kumwaga dizeli, kopo zima. Majani tulichoma. Wanakijiji walipita, wakaona moshi, wakaniinulia kofia kwa kazi njema.

Tarehe 25 usije.

Drahomíra


Lipěnka, 18 Julai 2022

Hedvika,

Leo ni siku ya jina langu kwenye kalenda. Kwa mara ya kwanza tangu ujue kushika kalamu, hakuna kadi. Ni sawa. Hapa ni nyuzi joto thelathini na saba kivulini, na kivuli chenyewe hakuna.

D.


29 Julai 2022

Shangazi Drahomíra,

Nimeandika barua hii mara sita na kuichana mara tano. Hii ya sita naituma bila kuisoma tena, kwa hiyo utakachokikuta humo ndicho kilichomo.

Mimi nilijua tangu mwaka 2015. Ule mwaka wa ukame mkubwa baba alinipeleka korongoni mwezi Agosti, wakati mihopi yako ilikuwa imekunja majani kama makaratasi, akanionyesha dume lile limesimama. Alisema, "Tazama hili lisilopewa maji na mtu." Alikuwa ameliacha tangu nikiwa mtoto, kwa udadisi tu, analikata maua kila Juni lisitoe chavua. Mwaka 2016 alilazwa na mapafu, unakumbuka, wiki mbili za Juni. Hakuna aliyekata maua. Hizo ndizo mbegu zako.

Alitaka kusema. Naapa alitaka. Lakini ulikuwa umeshasimama mbele ya watu mia mbili kabla hajafungua mdomo. Jioni ile alilia kwenye gari. Nikamwuliza kwa nini hasemi, akaniambia, "Nikisema, kesho halipo." Akaniapisha nisikuambie mpaka niwe na kitu cha kukupa mkononi. Nikaapa. Kwenye mazishi ya Jarmila nilimshika Kadlec mkono nikijua ninachojua, na mkono wangu haukudondoka.

Nilipopata kazi hapa mwaka 2020 ndipo nikaanza kuja kuchukua chavua. Naam, kwa kujificha, kwa kudanganya, nikipita nyuma ya banda wakati wewe uko kanisani. Msimu wa kwanza mbegu zilioza. Wa pili nilipata miche mia tatu na arobaini. Mwaka huu ungekuwa wa tatu, na ndio ulikuwa mkubwa, nilikuwa nimeandaa majike themanini, yamevikwa mifuko, yanasubiri. Yalisubiri bure. Nimezunguka mabonde ya nchi tatu, Shangazi, nimepima madume mia na ushehe. Yanayovumilia jua watoto wake wananuka kitunguu au takataka. Lile moja tu lilitoa watoto wenye harufu ya kwetu. Moja. Ulilichoma, ukainuliwa kofia.

Unaandika kana kwamba sisi ndio tuliokunyima kumzika Jarmila. Hapana. Baba alinyamaza na mimi nilinyamaza, hilo ni letu na tutaulizwa. Lakini mlango aliugonga wa kwako, na aliyeufunga ni wewe. Hata kama dume lingekuwa la Kadlec kweli, lilikuwa dume, halikuwa maiti ya mtoto. Mtu hasusii mazishi ya rafiki yake kwa ajili ya maua.

Na kwa hati, korongo lile ni langu. Baba aliniandikia. Ulichimba kwenye ardhi ya mtu.

Kadi ya siku ya jina niliinunua. Iko hapa mezani.

Hedvika


Lipěnka, 4 Septemba 2022

Hedvika,

Mavuno yamekwisha. Yalichukua siku kumi, zamani yalichukua wiki tatu. Hopi zimetoka ndogo kama njegere. Maabara wamepima uchungu: asilimia moja na nukta tisa, nusu ya kawaida. Baba yako angekuna kichwa akidhani wamekosea. Safu za juu hatukuzichuma kabisa, mashine haina cha kushika. Nakuandikia haya kwanza kwa sababu ulisema kumi na mimi nilisema uwongo, na sipendi deni la namna hiyo likae.

Hasira yangu kwako haijapungua. Nimeichunguza kila asubuhi, ipo. Barua yako niliitupa kwenye jiko la kuni, jiko lilikuwa halijawashwa, nikaitoa. Ile sehemu ya mlango na maiti nimeisoma hadi karatasi imelegea.

Jumapili nilikwenda kwa Kadlec. Sikuchukua keki. Nilivaa gauni la mazishi, maana nilidhani ndilo linalofaa. Alifungua, akasimama kizingitini, hakunikaribisha. Nikamwambia yote kwa sauti yangu ya kiziwi, kwamba dume lilikuwa letu, kwamba Bohumil alilifuga, kwamba nilimsingizia mbele za watu.

Alisema kitu. Nikamwambia sisikii. Akasema tena. Nikamwambia, "Kadlec, paza sauti, nimekuwa gogo." Basi akapaza, na mtaa mzima wakatoka madirishani.

"Nilijua!" alisema. "Bohumil alikuja kuniambia wiki ileile! Alipiga magoti hapa, hapa uliposimama!"

"Na ukanyamaza miaka sita?"

"Aliniomba. Alisema dume lile siku moja litawafaa watu. Mimi sikuamini, lakini mtu akipiga magoti utamwambiaje?"

"Ungeniambia mimi, Kadlec. Mimi ningekuja."

"Wewe hukuniuliza, Drahomíra. Ulinitangaza. Mtu akishatangazwa anaulizwa na nani?"

Nikamwambia, "Na Jarmila? Alijua?"

Hapo hakupaza sauti. Ilibidi nimtazame midomo. Akasema siku tatu za mwisho aliniulizia. Kila akizinduka, Drahomíra yuko wapi. "Nikamwambia uko kwenye mavuno," alisema Kadlec. "Ilikuwa Februari. Aliniangalia tu."

Kisha akafunga mlango, bila kuubamiza.

Nyani haoni kundule, mwanangu, na mimi nimemcheka Kadlec miaka sita nikiwa nimempa mgongo. Nilirudi kwa miguu. Watu waliniamkia, sikuwaitikia, wakadhani ni masikio.

Nakuuliza jambo moja, na unijibu bila maneno ya gazeti. Katika ile miche mia tatu na arobaini, imebaki mingapi?

Drahomíra


25 Septemba 2022

Shangazi,

Kadlec alijua. Nimekaa na sentensi hiyo siku nyingi. Baba hakuniambia kamwe. Nilimshika mkono yule mzee kwenye mazishi nikidhani siri ni ya baba na mimi tu, kumbe yeye alikuwa anaibeba pamoja na jeneza. Namkasirikia baba sasa, kwa mara ya kwanza tangu afe. Sijui nifanye nini na hasira ya mtu aliye chini ya ardhi.

Imebaki saba. Hiyo mingine ukungu uliimaliza, nasi ndivyo tunavyotaka, iliyo dhaifu ife mapema. Halafu Julai tuliiweka saba hiyo kwenye joto na kiu kwa makusudi, nikiwa nimeshapata barua yako, na nikiri kwamba nilitamani kuipa maji kwa siri. Sikuipa. Imesimama.

Saba si kitu. Nikiwa na dume ningepata elfu. Sasa nina saba, na sitapata mingine. Haijachanua bado, kwa hiyo sijui ipi ni majike na ipi ni madume, tutajua mwakani. Na hata ikiwa majike yote, mpaka mtu aipande shambani na kuipeleka kwa mtengeneza bia ni miaka kumi, kumi na miwili. Utakuwa na karibu themanini. Sikuahidi kwamba shamba lako litaokoka. Kwa kweli sidhani.

Kuna jambo jingine. Mkuu wangu anataka ipandwe hapa bondeni, kwenye udongo mnene na mabomba ya maji. Hapo hata mtoto wa mfalme angenawiri. Inatakiwa mteremko mkavu, unaoelekea kusini, ambao mhopi wa kawaida umeshindwa. Nimewaambia naujua mmoja. Sikuwaambia wa nani, kwa sababu sina haki ya kukuomba na sikuombi. Nakupa habari tu.

Nilikosea kukuficha. Hilo naliandika mara moja, nisije nikalichana.

Hedvika


Lipěnka, 10 Oktoba 2022

Hedvika,

Salamu nyingi. Nimepata mafua, nayatibu kwa chai na chumvi ya hasira. Standa anatembea. Walnati zimejaa mwaka huu, huu mti hauna aibu.

Safu za juu nimeziondoa. Zote kumi na nane, hekta moja na nusu. Baba yangu na baba yako walizipanda mwaka niliozaliwa. Sikulia. Nilitukana, kila shina na tusi lake, mpaka wale Waslovakia wakajifunza Kicheki kipya. Waya nimeziacha juu. Mteremko uko wazi, unaelekea kusini, na hata magugu yanaukimbia. Waambie wa kwako waje wapime. Kodi sitaki, na ushauri wao pia sitaki.

Ijumaa nilikwenda baa. Walikuwepo karibu wote, na Kadlec kwenye meza yake ya pembeni. Nikasimama palepale niliposimama mwaka 2016. Nikasema mfuga madume ni mimi. Nikasema dume lilikuwa kwetu, kaka yangu alilijua, mtoto wa kaka yangu alilijua, na aliyetukanwa ni mtu aliyetunza neno la rafiki yake. Kama kuna anayetaka kuimba barabarani, anajua nyumba yangu ilipo. Hakuna aliyeinua kofia safari hii. Kadlec alimaliza bia yake akaondoka. Hajanisemesha. Nisipotarajia hilo sitakasirika, kwa hiyo sitarajii.

Kwa Jarmila nimekwenda. Hayo si ya kuandikwa.

Sasa sikiliza, maana hili nataka ulisome ukiwa umesimama. Ile saba ilete Aprili, tutaipanda. Mimi nitaiangalia, na maji sitaipa hata ikiniita kwa jina. Bado nina hasira na wewe, na ukija utaziona, zitakuwa zimekaa mezani pamoja na sisi. Lakini mwakani itakapochanua, ikiwa hata mmoja ni dume, usiufungie mtini kwa waya na kunyamaza. Ukusanye chavua yako mchana kweupe, mimi nikishika ngazi. Ila kabla haijafunguka hata punje moja, wewe na mimi tutakwenda kwa Kadlec, tugonge, tumwambie kuna dume mpakani mwake, na tumwombe ruhusa. Akikubali, vema.

Akikataa, utalichoma wewe kwa mkono wako, na mimi nitakushikia kiberiti.

Shangazi yako,
Drahomíra